Utepe mwekundu kwenye mkorosho: shamba la mjane na utafiti wa gesi

Utepe ulikuwa wa plastiki, mwekundu, umefungwa kwenye mkorosho wa tatu kutoka njia ya kisimani. Mama mkubwa aliuona asubuhi alipokwenda kupalilia. Akatazama mbele, akaona mwingine, na mwingine tena, zimenyooka kutoka mpaka wa chini wa shamba hadi wa juu. Alihesabu tisa. Akazifungua zote, akazifunga kwenye pindo la kanga, akarudi nyumbani na kumtuma mjukuu anipigie simu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi zangu za kila siku ni mirathi, mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto, na kabla ya simu ile sikuwahi kushughulika na utafiti wa gesi. Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa ya mama mkubwa. Kijiji, mwaka na kampuni nitaviacha, kwa kuwa wahusika wote bado wako na baadhi ya mambo hayajafungwa. Inatosha kusema ni kusini, kwenye ukanda wa korosho wa Lindi na Mtwara, baada ya Sheria ya Petroli ya 2015 kuanza kutumika.

Shamba na waliolishika

Ni ekari nne zenye mikorosho 97. Mingi aliipanda marehemu baba mkubwa kwa mikono yake. Michache aliikuta, imepandwa na mjomba wake aliyempa eneo hilo akiwa kijana. Hati ya hakimiliki ya kimila haikuwapo. Mpaka unajulikana kwa mwembe, kichuguu na njia ya kisimani, na wazee wawili wanaoweza kuuonyesha.

Jambo lililofanya kisa kiwe kigumu ni kwamba mikorosho 20 ya upande wa kisima ilikuwa rehani. Kwa msomaji asiye wa kusini nieleze: mtu akibanwa na shida huchukua fedha kwa jirani na kumwachia idadi fulani ya mikorosho kwa misimu waliyokubaliana. Ardhi haihami wala mti hauuzwi, ila anayeshika rehani ndiye anayepalilia, anayepuliza dawa, anayeokota na kupeleka korosho ghalani kwa jina lake. Fedha za mama mkubwa zilikwenda kwenye ada ya chuo ya mtoto wa mwisho. Makubaliano yalikuwa misimu miwili, na mmoja ulikuwa umekwisha.

Tepe saba kati ya tisa zilikuwa kwenye miti ya rehani.

Walichokuwa wanatafuta

Utafiti wa mitetemo haujafika kwenye uchimbaji wa gesi. Ni namna ya kupata picha ya miamba iliyo chini sana bila kuifikia. Wapimaji hunyoosha mstari ardhini, na mstari huo ukifyekwa huitwa mkuza. Kando ya mkuza hupangwa vifaa vidogo vya kusikilizia mtetemo, yaani jiofoni. Kisha hutolewa mshtuko, ama kwa gari zito linalotetemesha ardhi ama kwa baruti ndogo inayolipuliwa ndani ya shimo lililochorongwa. Mtetemo hushuka, hugonga tabaka la mwamba, na sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Muda wa kurudi ndio unaosomwa. Mikuza michache iliyo mbalimbali hutoa picha bapa ya 2D, kama kipande cha mkate kilichokatwa. Mistari mingi iliyosongamana hutoa picha ya 3D.

Hapa ilikuwa mstari mmoja wa 2D, upana wa mita nne, na mashimo ya baruti. Ndani ya shamba la mama mkubwa ulipita kama mita 150.

Madhara ya kazi hiyo kwa mkulima ni madogo na ya wazi: miti iliyokatwa, matawi yaliyovunjwa, udongo ulioshindiliwa na magari, mihogo iliyokanyagwa, shimo lililoachwa bila kufukiwa. Pale mlipuko unapokuwa karibu mno, kuna ufa kwenye ukuta wa udongo na wasiwasi juu ya kisima. Nayataja kwa sababu kijijini maneno yaliyokuwa yanazunguka yalikuwa makubwa kuliko hayo. Wengine walisema tunahamishwa, wengine wakasema gesi imeshaonekana chini ya msikiti. Kati ya hofu hiyo na tamaa hiyo, hakuna aliyekuwa anahesabu mihogo.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbaya

Nilimwambia akatae. Nilisema kwa simu, kwa hasira, kabla sijafungua sheria. Usiku huohuo mtoto wake mkubwa aliye Dar es Salaam akatuma kwenye kundi la familia ushauri alioupata kwenye mtandao kutoka Marekani: usisaini chochote mpaka wakubali kulipa kwa kila ekari.

Ushauri ule una maana yake kule ulikoandikwa. Pennsylvania au Texas mtu binafsi anaweza kumiliki ardhi pamoja na gesi iliyo chini yake, kwa hiyo kampuni inayotaka kutazama chini inakuja kununua ruhusa kwake. Sisi tumesimama mahali pengine. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na sisi tuna haki ya kuikalia na kuitumia kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999. Petroli na gesi asilia ni mali ya taifa. Leseni inashikwa na shirika la taifa, TPDC, na mdhibiti wa utafutaji na uzalishaji ni PURA. Mama mkubwa hakuwa na gesi ya kuuza.

Hata hivyo hakuwa mikono mitupu. Haki ya kimila ina hadhi sawa na haki anayopewa mtu na serikali kwa hati, hata pale karatasi haijatoka. Sheria ya Petroli inamtaka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba inayokaliwa au kwenye ardhi yenye mazao, na inataka alipe fidia kwa anachoharibu. Idhini ikizuiwa bila sababu ya msingi, mwenye leseni ana njia ya kuivuka. Kwa hiyo kukataa kwa neno tupu kungemfikisha mama mkubwa mahali ambapo mwingine angeamua kwa niaba yake. Nafasi yake ilikuwa katika masharti: wapite wapi, lini, waharibu nini, na aandikwe nani.

Nilimpigia tena asubuhi nikamwambia nilikosea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo mwanangu, tukae tusome."

Msimu wa kazi yao ndio msimu wetu

Jambo hili sikuliona likizungumzwa vya kutosha, nami naona ndiko ilikolala hasara kubwa ya wakulima wa kusini. Kazi ya mitetemo inataka ardhi kavu. Masika yakiwapo magari yanakwama na vifaa vinalowa, hivyo kazi hupangwa kuanzia Juni mpaka mvua zianze tena. Nasi je? Kuanzia Juni tunapuliza dawa ya salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, mikorosho inachanua, kisha maua yanakuwa korosho, na kufikia Oktoba watu wako chini ya miti wanaokota huku minada inafunguliwa. Mti uliokatwa matawi Agosti umekatwa mavuno ya mwaka ule ule. Matawi yaleyale yakikatwa Februari, mti una muda wa kuchipua.

Hakuna aliyepanga hivyo ili kutudhuru. Ila anayepanga ratiba akiwa na kalenda ya mvua tu hawezi kuliona jambo hili asipoambiwa, na wa kumwambia ni mwenye mti.

Mkutano wa kijiji

Mkutano uliitwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Karatasi ya mahudhurio ilipitishwa kabla hata ya maelezo, na watu walisaini. Hilo ni la kawaida, na la kuangaliwa: mahudhurio si idhini, na tulimwomba mtendaji wa kijiji aandike hivyo kwenye muhtasari. Aliandika bila ubishi.

Afisa wa kampuni alieleza vizuri, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Alipouliza kama kuna maswali, kimya. Kimya kile nakijua. Mei 2013 Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, askari walijaa mjini. Tangu hapo, mwanakijiji wa kusini akisikia neno gesi kwenye mkutano wenye watu wa serikali hujiuliza kwanza kama swali lake litasikika kama uchochezi. Watu wazima wenye mashamba waliangalia chini.

Mama mkubwa akasimama. Alifungua pindo la kanga, akatoa zile tepe tisa, akaziweka mezani mbele ya mwenyekiti. "Hizi ni zenu, nilizitoa shambani kwangu kwa sababu hakuna aliyebisha hodi. Sasa nauliza: huo mstari wenu lazima unyooke kama uzi?"

Nilikuwa nimemwandalia maswali manne ya kisheria. Hilo halikuwamo, na lilikuwa bora kuliko yote manne. Mpimaji mmoja kijana, aliyekuwa amekaa nyuma, ndiye aliyejibu: hapana mama, pointi, yaani mahali pa kifaa au shimo, inaweza kusogezwa mita kadhaa pembeni, mradi mahali ilipo paandikwe sawasawa. Kikubwa kwao ni kujua pointi ilipo. Siku mbili baadaye walitembea naye shambani. Mikorosho inayopandwa kwa ushauri wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele huachiana mita 12, na mkuza wa mita nne unapita katikati bila kugusa shina. Ya baba mkubwa ilipandwa kienyeji, mingine imesogeleana hadi matawi yamefumana. Mstari ukasogezwa upande wa mashariki. Badala ya miti tisa kukatwa, ikabaki miwili ya kukatwa na mitano ya kupogolewa.

Miti saba, basi, ilisalimika kwa swali moja. Majirani waliobaki kimya mkutanoni walipitiwa na mstari ulionyooka.

Kuhusu msimu hatukupata tulichotaka. Tuliomba wasubiri mpaka Januari, korosho zikiwa zimekwisha kuokotwa. Walikataa kwa kuwa mvua zingekuwa zimeanza. Tulichopata ni wapite wiki mbili mapema kwenye kipande chetu, kabla maua hayajafunguka sana. Kilikuwa kidogo, lakini tulikipokea.

Jina la nani liandikwe

Fomu ya kuhesabia mazao ilikuwa na mstari mmoja wa jina: mmiliki. Mthamini aliuliza mmiliki ni nani, na watu watatu wakajibu.

Shemeji wa mama mkubwa, mdogo wa marehemu, alisema shamba ni la ukoo, lilitoka kwa mjomba wao, kwa hiyo jina liwe lake. Jirani mwenye rehani alisema miti yote saba, miwili ya kukatwa na mitano ya kupogolewa, ameipalilia yeye, amenunua salfa yeye, na kitakachoharibika ni korosho zake. Mama mkubwa akasema yeye ndiye anayelala hapa.

Nitasema wazi kwamba wote watatu walikuwa na kipande cha ukweli, na ndiyo maana sikubali wanaosema ugomvi wa fidia huletwa na tamaa. Ugomvi uliletwa na karatasi yenye mstari mmoja, iliyowekwa mbele ya mali yenye tabaka tatu: kuna ardhi, kuna mti, kuna mavuno ya msimu. Huku kwetu watu wameishi na tabaka hizo miaka mingi bila kuchanganyikiwa, kwa sababu kila mtu alijua nani ana nini. Aliyetoka nje hawezi kujua asipoambiwa, na akiandika jina moja anakuwa amempa mtu mmoja kila kitu.

Tulimwomba mthamini aache kipande chetu mpaka kesho. Alikubali, nami namshukuru, kwa kuwa hakulazimika. Jioni ile tulikaa barazani: mama mkubwa, shemeji, jirani, balozi wa nyumba kumi, wale wazee wawili wa mpaka, na mimi na daftari la shule la kurasa 80.

Kwa shemeji tulizungumza kwanza, maana ndiye aliyekuwa na uchungu. Ardhi haikuwa inachukuliwa. Mkuza ukishapita, ardhi inabaki. Hivyo hakukuwa na fidia ya ardhi ya kugombea, na kuandikwa kwa jina la mama mkubwa kwenye fomu ya mazao hakufuti historia ya mjomba. Tukaiandika historia hiyo daftarini, nani alimpa nani na mbele ya nani. Kitu alichokuwa anakihofia ni kusahauliwa. Alipoona jina la mjomba wake limeandikwa, alisaini. Nilimsomea pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki ileile ya kumiliki na kutumia ardhi aliyo nayo mwanamume. Hakupinga.

Kwa jirani ilikuwa hesabu. Mti ukikatwa, kinachokufa ni miaka yote iliyobaki ya mti ule, na miaka hiyo ni ya mama mkubwa. Lakini msimu mmoja wa ule mti ulikuwa wa jirani. Mti ukipogolewa, unaoumia ni msimu huu, na msimu huu wote ni wa jirani. Tukakubaliana hivi: fidia ya miti miwili ni ya mama mkubwa, naye atamfidia jirani kwa kumwachia miti miwili mingine ya upande wa juu mpaka rehani iishe, fidia ya mitano iliyopogolewa ni ya jirani. Wote wakasaini, wazee wakaweka dole gumba, balozi akapiga muhuri.

Asubuhi mthamini alisoma daftari, akaandika jina la mama mkubwa kwenye mstari wa mmiliki, na chini ya maelezo akaandika malipo ya miti mitano yaende kwa jirani. Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameitumia.

Tulichokisahau

Mihogo. Katikati ya mikorosho kulikuwa na mihogo na mbaazi, kama ilivyo kwenye mashamba mengi ya huku. Sisi sote tulikuwa tumekaza macho juu, kwenye matawi. Fomu ilihesabu miti tu, mama mkubwa akasaini, nami nikiwa pembeni yake nikaona imekamilika. Magari yalipopita yalilaza mihogo ya mita 150, upana wa tairi zote mbili, na mbaazi zilizokuwa zinaanza kuweka vitumba. Tulidai baadaye. Tulijibiwa kwa heshima kwamba fomu imesainiwa na hakuna picha ya kabla. Hilo liko begani kwangu. Picha moja ya simu ingetosha.

Kwenye kisima tulikuwa makini zaidi. Kabla ya kazi tulishusha kamba yenye jiwe mbele ya mtendaji, tukapima kina cha maji, tukapiga picha ya maji kwenye ndoo nyeupe, tukaandika tarehe. Tuliomba shimo lililokuwa karibu nacho lirukwe, likarukwa. Baada ya kazi tulipima tena kwa kamba ileile. Maji hayakupungua.

Siku ya baruti mama mkubwa hakukubali kukaa nyumbani. Alisimama nje ya kamba ya usalama tangu saa mbili, na kila shimo lililolipuliwa aliuliza kama limelipuka lote. Baruti iliyogoma kulipuka ikiachwa ardhini ni hatari kwa mwenye jembe miaka mingi baadaye, na hakuna mtu wa kumlaumu wakati huo. Alihesabu mashimo, akahesabu milio. Zilipolingana, akataka aone yakifukiwa. Moja lilifukiwa juu juu, akawaita warudi, wakarudi.

Malipo na mti

Fidia ilikokotolewa kwa viwango vya mazao vya serikali, kwa umri na hali ya mti, na ililipwa. Kiasi ni cha familia. Nitasema tu kwamba kwa mti mmoja kilizidi kidogo mavuno ya msimu mmoja mzuri. Mkorosho mpya unachukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa, na mingine zaidi kufikia mti mzima. Miti ile miwili ilikuwa na afya. Naona kiwango hakitoshi, na nitaendelea kusema hivyo kwenye kila mkutano nitakaoitwa, kwa kuwa fidia inayolipa mwaka mmoja kwa kitu kinachozaa miaka thelathini imelipa korosho, haijalipa mkorosho.

Swali jingine la mama mkubwa bado liko wazi. Alitaka kujua wameona nini chini ya shamba lake. Data za mitetemo ni mali ya serikali, na mkulima si mtu wa kupewa. Yeye hakuwa anataka ramani. Alitaka kujua kama watarudi kuchimba, ili ajue apande nini. Tuliandika barua kupitia halmashauri ya kijiji, nakala kwa wilaya. Jibu halijafika.

Rehani iliisha msimu ule ulipokwisha. Jirani alikabidhi miti 18 ya upande wa kisima na miwili ya upande wa juu, mbele ya balozi yuleyule, na daftari likapigwa mstari chini. Kati ya mikorosho mitano iliyopogolewa, mitatu ilichanua vizuri. Januari, mvua ziliposhika, mama mkubwa alileta miche miwili iliyobebeshwa kutoka Naliendele. Nilidhani angeipanda palepale yalipokuwa mashina mawili. Aliipanda hatua nane pembeni, nje kabisa ya mkuza, akaizungushia miiba.